Hodi ya Nne

Ukiingia mji wa Ibra, Omani, kwa upande wa soko la zamani, ukaliacha duka la halua mkono wa kulia, utakutana na kichochoro ambacho magari mawili hayapishani bila dereva mmoja kutukanwa. Humo mna baraza mbili za saruji zinazotazamana, moja mbele ya nyumba ya Zahor, ya pili mbele ya nyumba ya Majid, na wazee wa hapo walizitumia zote mbili kwa miaka mingi: asubuhi walikaa kwa Majid ambako kuna kivuli, na baada ya alasiri, jua likishahama, nao wakahamia kwa Zahor na chupa yao ya kahawa. Kahawa ya hapo ni ya tangawizi. Kiswahili ni cha Unguja ya zamani, kimechanganyika na Kiarabu cha mkoa wa Sharqiya mpaka mwenye duka aliyetoka Bahla anasikiliza nusu na nusu anakisia. Na mazungumzo ni ya Marekani. Usiulize kwa nini Marekani. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kupiga kura huko, wala hatapiga, lakini kila mmoja ana chama chake.

Vyama vyenyewe ni viwili, kila kimoja na mnyama wake wa nembo. Kuna cha Punda, na kuna cha yule mnyama mwenye mkonga, ambaye hapo barazani haitwi tembo, kwa sababu kwa mtu wa Unguja tembo ni pombe ya mnazi, na wazee waliokwisha kuhiji hawawezi kukaa njiani wakajiita watu wa tembo. Wakasema Ndovu. Zahor alikuwa Ndovu wa kupindukia, aliyetumikia serikali miaka yake yote ofisi ya maji na kuamini kwamba amri ni amri. Wakampa jina la Seneta. Majid, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alikuwa Punda, naye akawa Gavana. Waliobaki ni Azzan, ambaye kampuni ya mafuta ilimpeleka Hyuston, jimbo la Texas, mwezi mmoja ujanani, basi mpaka leo jina lake ni Texas. Na Hood, anayeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi, na betri yake inachajiwa wapi hakuna ajuaye.

Lakini huo ni wakati wa raha. Tangu Seneta na Gavana wagombane, baraza ziligawanyika. Asubuhi Majid alikaa peke yake kivulini kwake, na Zahor na wale wawili wakakaa juani ng'ambo, wamekunja uso na kujifuta jasho, kwa sababu kuvuka ni kushindwa. Jioni mambo yaligeuka, watatu kivulini na Gavana juani, kavaa miwani myeusi, kashika gazeti ambalo lazima lilimchoma vidole. Hata msikiti alihama, akawa anasali ule wa juu. Watu wa Unguja wana neno lao kwa mambo haya: kususa. Mtoto hususa chakula, mtu mzima hususa watu. Wakati wa siasa, kabla ya mapinduzi, baba zao walisusiana vivyo hivyo, wa Hizbu na wa Afro: dukani kwako sinunui, harusi yako siji, na maiti yako wakuzikie wenzio. Watoto wao wakavuka bahari, wakapata paspoti, pensheni na ugonjwa wa sukari, na kususa wakaja nako.

Halafu Majid akakosekana. Jana asubuhi hakuonekana kivulini, jana jioni hakuonekana juani, na leo vilevile. Zahor alitaka kitu kimoja tu: Majid avuke. Avuke, akae, amwite mjinga mbele za watu kama zamani. Kichochoro chenyewe hakizidi upana wa mkeka wa harusi. Lakini avuke yeye Zahor kwanza? Hilo moyo wake ulikuwa haujalikubali, na ndiyo maana jioni hiyo alikuwa akimimina kahawa nje ya kikombe.

— Seneta! Kahawa inamwagika, bwana! Macho yako yako wapi? aliuliza Redio.

— Yapo.

— Yapo ng'ambo.

— Nnatazama lile gari lake, alisema Zahor. Limejaa vumbi hata rangi huijui. Majid hawezi kuliacha gari hivi.

— Kasusa tu huyo, alisema Texas, akachukua tende. Yumo ndani, kajibanza nyuma ya pazia, anatutazama. Punda wote ndivyo walivyo. Wakishindwa kura, wanajifungia.

— Kashindwa kura ipi? Kapigia wapi?

— Kura ya moyo, yakhi.

— La, la, la, alisema Redio. Miye n'nayo habari. Majid kasafiri. Kenda kumchukua Wijdan.

Wijdan ni mtoto wa pekee wa Majid. Yuko Ohayo, huko huko Marekani, anafanya kazi maabara, na makaratasi yake ya ukaazi yamekaa mezani kwa watu muda mrefu bila kusema ndiyo wala hapana. Mama yake alipofariki hakuja. Wakili alimwambia: ukitoka leo, hatujui kama kesho utaingizwa. Majid alipokea rambirambi peke yake, na mtoto akalia kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Hakuna mtu pale barazani asiyejua kwamba Upunda wa Majid ulianzia hapo.

— Kasafiri kwa viza gani? alisema Texas. Viza ya Marekani siku hizi hata bwana harusi hapewi.

— Kaipata kwa mlango wa nyuma.

— Mlango wa nyuma umezibwa. Ndiyo raha ya Ndovu, wakisema wanaziba, wanaziba. Umesikia habari ya leo? Rais kasema, jaji kazuia. Jaji! Mtu kavaa joho tu, hakuchaguliwa na mtu. Miye ningekuwa rais ningemwambia kusanya virago. Serikali moja, kauli moja, khalas.

Wote watatu wakageuka ng'ambo.

Kila mmoja alijua zamu hiyo ya kujibu ilikuwa ya nani. Zamani Texas akifika kwenye khalas, Majid alikuwa akijipiga goti, akimgeukia na kidole juu kama yuko darasani. Sasa maneno ya Texas yalikaa pale katikati ya njia bila wa kuyaokota. Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Kuwa na haki peke yako, bila mtu wa kukupinga, kunachosha kuliko kushindwa, na wiki zote hizi Ndovu watatu walikuwa wameshinda kila mjadala na kurudi majumbani wamenyong'onyea. Zahor alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa.

— Basi jaji wa nini? alisema.

Texas aligeuka.

— Umesemaje?

— Nauliza. Kama rais akizuiwa anamfukuza aliyemzuia, jaji kawekwa wa nini? Si bora waweke picha ya rais kwenye kiti cha mahakama, wapunguze mshahara?

— Ala! Seneta! Umehama chama?

— Sikuhama. Nauliza tu.

— Hilo si swali lako, ni la Gavana.

— Gavana hayupo, alisema Zahor. Nani aulize?

Redio alijisogeza mbele, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza siku nyingi.

— Haya, mimi nitamjibu. Jaji anatakiwa aangalie usalama wa nchi. Ndiyo maana wamepeleka wanajeshi mitaani, watu wapate kulala.

— Wamepeleka miji gani?

— Miji yenye fujo.

— Miji yenye Punda, alisema Zahor, na akasikia sauti yake ikipanda palepale ilipokuwa ikipanda ya Majid. Tazama ramani, Hood. Wanajeshi wa nchi wanapelekwa kumlinda nani, na nani adui? Mtu na jirani yake! Wangekuwa Punda wamefanya hivi, weye na Texas mngelala hapa chini mkipiga kelele.

— Punda nao wana yao! alisema Texas. Walipokuwa na nguvu hawakuwaandama watu? Hawakufungulia watu kesi? Usiwafanye mawalii!

— Sikusema mawalii. Mwenye nguvu akimfanyia mwenzake, kesho mwenzake akizipata atamlipa. Tumeyaona hayo kwa macho yetu, au umesahau?

— Unguja ni Unguja, Marekani ni Marekani. Wale wanasema nchi yetu kwanza. Kosa liko wapi? Nani hasemi nchi yangu kwanza?

— Hiyo "yetu" anaihesabu nani?

— Wenyewe.

— Wenyewe nani? Weye Texas, mwaka wa sabini na mbili ulipoteremka Maskati na begi la baba'ko, si ulikaa ukingoja mashekhe wa kabila waje waseme huyu ni wetu?

— Walikuja.

— Wangekosa kuja je?

Texas alitafuna tende yake polepole, akaitoa kokwa, akaishika mkononi bila kuitupa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa wakati huo, hajui Kiarabu zaidi ya cha msahafuni, na wa barabarani walimwita Mzinjibari, mtu wa Zanzibar, si wao. Hayo hayakuhitaji kusemwa. Lakini Texas hakuwa mtu wa kuchomwa akanyamaza.

— Maneno mazuri, Seneta. Matamu. Huruma yote hii ile siku ilikuwa wapi? Si weye ulomtia Majid hasira ukamfukuzia ng'ambo?

— Texas, yaache hayo, alisema Redio.

— Siyaachi. Kila siku tunasema wamegombana kwa ajili ya vyama. Mimi nilikuwepo. Haikuwa vyama.

Haikuwa vyama. Ilikuwa jioni kama hii, wote wanne upande huu, na Redio akawaonyesha kitu kwenye simu: mji mmoja huko Marekani, mtu anatoka nyumbani kwake na funguo za gari mkononi, wanaume waliofunika nyuso wanamshika, hawasemi wao ni kina nani, wanamtia kwenye gari lisilo na alama. Mkewe yuko kizingitini, anauliza mnampeleka wapi, mnampeleka wapi, na hakuna anayegeuka. Majid alisema, tazameni, serikali imeziba uso, serikali inaona haya ya nini? Na Zahor, aliyekuwa ameshikilia kikombe, ambaye jioni hiyo alikuwa ameshapata mabao mawili ya ubishi na kutaka la tatu, alisema bila kufikiri:

— Kama hana makosa, atarudi.

Majid alikuwa ndiyo kwanza amemiminiwa. Mtu akitosheka na kahawa hutikisa kikombe, na hilo hata mtoto wa Ibra analijua. Majid hakutikisa. Alikiweka chini kikiwa kimejaa, akasimama, akavuka kichochoro, na hakurudi.

Zahor aliwaambia watu wote kwamba Gavana hana kifua, hawezi kushindwa hoja. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Ilikuwa rahisi mno kusema ni Marekani, kwa sababu Marekani iko mbali na haina wa kukukanusha. Lakini kesho yake tu, akiwa anachemsha kahawa, alikumbuka aliyosimuliwa na Majid zamani, wote wawili wakiwa bado vijana wa kazi. Kwamba yeye Majid alikuwa na miaka saba walipokuja watu kumchukua baba yake, nyumba ya Malindi, mtaa wa Unguja mjini, mwezi ule wa mapinduzi. Kwamba jirani, mtu mwema, mtu wa sala, alimtuliza mama yake kwa kumwambia: Usilie, Bi Zuwena, asiye na makosa atarudi. Na mama akaamini. Mwaka mzima akawa anamwekea mumewe sahani yake na kuifunika kawa. Baba hakurudi, na kilichomtesa mtoto Majid hakikuwa kifo tu. Kilikuwa hesabu: kama asiye na makosa hurudi, na baba hakurudi, basi baba alikosa nini?

Zahor aliyajua yote hayo tangu siku ile ya pili. Alijua akakaa. Kila asubuhi aliketi juani akimtazama rafiki yake kivulini na kujiambia, leo atavuka, akivuka nitamwambia. Ni aibu kubwa mtu kungoja aliyemuumiza aje kumrahisishia kazi ya kuomba radhi, na Zahor aliona aibu, lakini aliiona akiwa amekaa.

— Haya, alisema Redio. Haya, sikilizeni. Nimeshajua Majid yuko wapi. Wamemchukua.

— Nani?

— Wamarekani! Si anamtumia Wijdan sauti kwenye Watsapu kila siku? Anawasema wakubwa wao kwa Kiswahili cha Malindi, anadhani hawamsikii. Iko mashine huko Virjinia, inasikia lugha zote. Ilikuwa haijui Kiswahili cha kwetu tu. Sasa kishajua.

— Astaghfirullah.

— Wallahi! Imesikia, imeandika, wametuma ndege. Haina namba. Imetua Bidiya, kwenye mchanga, pale penye mahema ya watalii. Watu wamedhani ni watalii. Wakateremka, wakanunua maji baridi, wakaja hapa alfajiri, wakamtia Gavana begani.

— Begani! Majid ana kilo mia!

— Ndiyo maana walikuja wengi.

— Hujui kitu weye, alisema Texas, ambaye alikuwa ameshasahau kununa. Kwa nini wamfunge? Miye nimekaa Hyuston, nnawajua. Mtu mwenye maneno kama yale humfungi, unampa kazi. Punda hawana msemaji. Wametafuta kwao wamekosa, ikabidi watoke nje. Saa hizi Majid yuko Washington, chumba cha hoteli, kavaa kanzu na kofia ya viua, anawafundisha maseneta wa Punda namna ya kununa.

— Anawaambia: kwanza ukae juani!

— Na miwani myeusi!

— Na gazeti la juzi!

Zahor alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajishika mbavu, na kama ilivyokuwa desturi yake miaka yote akacheka huku ameelekea ng'ambo, kwa sababu kicheko cha Majid ndicho kilichokuwa kikimalizia chake, kicheko kizito kinachoanza kwa kukohoa. Dirisha lililo juu ya baraza ya Majid lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Pazia halikutikisika. Kicheko cha Zahor kikafifia chenyewe.

Hapo ndipo gari jeupe lilipoingia kichochoroni, likasimama katikati kana kwamba njia ni ya urithi. Aliteremka mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, kanzu imekunjika kwa safari. Aliwashika mkono mmoja mmoja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, marahaba. Karibu kahawa.

— Shukran. Mimi Ghaith, natoka Sur. Samahani, Kiswahili yangu kidogo. Namtafuta mjomba wangu, Majid. Yuko wapi?

Texas alimsogezea mgeni tende.

Hapo barazani walikaa watu wanaoweza kukutajia jimbo la Ohayo lina kura ngapi na jaji gani aliwekwa na rais gani. Wamekesha na matokeo ya wilaya ambazo hata Wamarekani wenyewe hawazijui ziko upande gani. Na sasa mtu amewauliza jambo dogo, jirani yenu yuko wapi, na wazee watatu wakawa wanatazamana kama wanafunzi waliokuja shule bila kusoma.

— Huenda... alianza Redio, akaishia hapo.

— Gari lake lipo, alisema Texas.

— Naona gari ipo, alisema Ghaith. Wijdan amenipigia toka Marekani. Tangu jana simu ya baba yake haishiki. Mimi nikasema labda naye amelala, labda chaji. Akasema la, nenda Ibra, na usihangaike kutafuta, uliza baraza, muulize mzee Zahor. Yeye lazima atajua. Baba yangu na yeye hawapitishi siku bila kuonana.

Zahor aliweka kikombe chini.

— Kasema hivyo?

— Ndiyo. Anasema kila siku baba yake anamwambia, Zahor yuko hapa, anakusalimia. Kila siku. Hata wiki hii yeye alikuwa analia, makaratasi yake imechelewa tena, baba yake akamwambia: Zahor anasema, utarudi tu, inshallah.

— Zahor kasema nini? aliuliza Zahor mwenyewe.

— Utarudi. Hivyo tu. Wijdan anasema neno hiyo imemsaidia sana. Ghaith aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mzee Zahor ni nani?

Texas na Redio hawakumwonyesha kwa kidole, wala haikuhitajika. Kumbe wiki zote hizo, Majid akiwa juani na gazeti lake, alikuwa akimtumia mtoto wake salamu za mtu asiyemsemesha. Alilichukua lile neno lililomuua roho, akalikata kile kipande chenye sumu, akampelekea Wijdan kilichobaki, na akasema kimetoka kwa Zahor.

Zahor alisimama. Alivuka kichochoro, na kwa kweli hakikuwa na upana wowote, akafika kwenye mlango wa Majid akapiga kwa vidole.

— Hodi!

Ghaith alikuwa nyuma yake, na Redio na Texas walikuwa wamesimama mbele ya baraza yao, hawajui wavuke au wasivuke.

— Hodi, wenyewe!

Mahali fulani juu ya paa njiwa walilia.

— Hodi!

Adabu inasema hodi ni tatu. Ukikosa jibu kwa ile ya tatu, mwenyewe hataki kukuona au hayupo, nawe urudi ulikotoka, usinung'unike. Hivyo ndivyo walivyofunzwa na mama zao, na Redio, kwa sauti ya chini isiyo ya kwake, akamkumbusha.

— Zimetimia, Zahor. Rudi, tumwite polisi labda.

Zahor hakurudi. Aliweka paji la uso kwenye mbao za mlango, akaita tena, na safari hii hakuita kama mgeni.

— Hodi, Majid! Hodi, ndugu yangu!

Dirishani, juu ya baraza, mtu alikohoa.

— Nani? Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka.

— Miye.

— Miye nani? Duniani miye wengi.

— Zahor.

Ghaith alitaka kusema kitu, Zahor akamzuia kwa mkono.

— Zahor yule aliyesema asiye na makosa atarudi?

— Huyo huyo.

— Naona umerudi. Kwa hivyo huna makosa?

Wenzake walikuwa wanasikia, kichochoro kizima kilikuwa kinasikia, na Zahor hakujali tena nani anasikia.

— Ninayo, alisema. Ninayo, Majid, nimekukosea, na nilijua tangu siku ya pili. Na nimerudi nayo.

Halafu sauti ikaja tena, imechoka, lakini imelegea kidogo.

— Mlango haukufungwa. Sukuma.

Haukuwa umefungwa. Majid alikuwa amelala kwenye godoro chini ya dirisha, mguu wake wa kushoto umevimba na kuwa mwekundu mpaka gotini, kidonda cha kisigino kimefungwa kitambaa. Joto lake lilisikika kabla hujamgusa. Jagi la maji lilikuwa tupu, na simu imelala sakafuni imezima, karibu na waya ambao mkono wake haukuufikia. Ghaith alichutama akaanza kuufungua mguu. Zahor alipiga magoti kando ya godoro.

— Tangu lini, Majid?

— Tangu jana. Nilipoinuka nikaanguka. Kusimama siwezi, kupiga kelele sauti haitoki. Alilamba midomo. Lakini kusikia nnasikia. Dirisha liko hapa. Nimewasikieni nyote, jana na leo. Hata hodi zako tatu nimezisikia, ila ya nne ndiyo ilonipa sauti.

Mlangoni Redio na Texas walikuwa wameshafika, wamevua viatu, wamesimama kama watoto.

— Mmenipeleka Bidiya, alisema Majid. Mmenipeleka mpaka Washington. Kunipeleka spitali, hakuna.

Hakuna aliyecheka, na yeye hakusema ili wacheke. Texas alitoka mbio kwenda kulirudisha gari la Ghaith karibu na mlango. Redio alileta maji. Zahor alimnyanyua rafiki yake kichwa akamnywesha kidogokidogo, maji mengine yakishuka shingoni.

— Na jioni hii, alisema Majid akishapumua, nikasikia mtu anauliza, jaji wa nini. Nikajisemea, ah, homa imepanda, nasikia sauti yangu inatoka kwa Zahor.

— Hakukuwa na wa kuuliza.

— Umeuliza vibaya. Umesahau kipande cha bunge.

— Utanikosoa ukishapona.

— Nitakukosoa garini.

Simu ya Ghaith ikalia mfukoni. Aliitazama, akaiweka sikioni, akasema maneno mawili matatu ya Kiarabu, kisha akaipeleka kwa mjomba wake. Majid aliliona jina la Wijdan. Aliisukuma simu kwa Zahor.

— Mwambie weye.

Zahor aliishika kwa mikono miwili. Huko ng'ambo ya dunia kulikuwa asubuhi, na mtoto aliyemjua tangu akitambaa kwenye baraza ile alikuwa anapumua harakaharaka.

— Ami Zahor? Ami, baba yuko wapi?

— Yupo, mwanangu. Mguu umemzidi, tunamtia garini sasa hivi tunampeleka spitali. Ana akili zake, na ubishi wake anao. Niko naye.

— Nashindwa kuja, ami. Nashindwa kuja hata...

Alilia. Zahor alimwacha alie. Majid alikuwa amemkazia macho, macho ya homa, anangoja kusikia atasema nini.

— Utarudi, alisema Zahor.

Akaishia hapo.